Kaka Yangu Alivyogoma Kula Kule Matera

Mimi nilikwenda Italia kwa sababu wifi yangu Bosibori anaogopa ndege. Sababu ya kaka yangu Nyakundi ilikuwa nzito zaidi. Binti yake Kemunto, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko kusini mwa Italia, alikuwa amepata mchumba, fundi wa mawe aitwaye Donato, na baba mtu hakutaka kutoa neno. Hakusema hapana. Alisema tu, "Sitoi msichana mahali sijaona." Kwetu Wakisii, kabla binti hajaolewa, watu wake huenda kulitazama boma atakalokaa. Wanaangalia zizi, wanaangalia ghala, wanamwangalia mama mkwe. Donato alipoelezwa hayo kwa simu hakuona ubaya wowote. Alisema tuje, tutazame tunavyotaka, na tuifanye likizo.

Bosibori, mke wa kaka yangu, ndiye aliyepaswa kuandamana naye. Lakini yeye hupata kizunguzungu hata akipanda ngazi ya kuchuma parachichi. Siku moja tulikuwa jikoni kwake Kapsoit, nje ya Kericho, tunachambua mboga ya managu, akaniambia, "Mwalimu, enda wewe. Mimi nikipanda hiyo kitu nitafia huko juu. Uende uwe macho yangu. Huyo mama, muangalie vile anaongea na mtoto wangu wakati hajui unamuangalia."

Nilikuwa nimestaafu ualimu kule Sosiot, na maishani mwangu likizo ilikuwa na maana ya kuvuna mahindi. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Asubuhi ya kuondoka mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya Kapsoit inateleza. Majirani walikuja kutuaga. Mama Chebet alileta kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandisha kwa mkaa, akasema kwa Kiswahili chake cha Kikipsigis, ambapo b hugeuka p, "Mwalimu, pepa hii, wakwe wajue hamtoki kwa watu wa pure." Nilimweleza kwamba uwanja wa ndege hawaruhusu mtu kupanda na maziwa mkononi. Alinitazama kana kwamba wenye ndege wamemtukana yeye mwenyewe. Basi tukayanywa papo hapo, tumesimama uani, kikombe kikizunguka, na kaka yangu akapanda gari akiwa na masharubu meupe.

Yeye alivaa koti lake la kanisani na kofia. Alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha chai kule Mogogosiek, upande wa boila za mvuke, na hata baada ya kustaafu anatembea kama mtu anayesikiliza kama mtambo uko sawa. Ndani ya sanduku lake kulikuwa na majani ya chai na bakuli zito la mawe ya Tabaka, yale mawe laini ya kwetu Kisii, alilolifunga kwa blanketi. Njia nzima hadi Nairobi, mashamba ya chai yakipita dirishani, alisema sentensi moja tu: "Mtu akikuita uone boma lake, uone kila kitu."

Roma tulifika asubuhi, baada ya kubadilisha ndege Addis. Kemunto alikuwa amesimama mlangoni, amevaa leso niliyompa mwenyewe. Alitukumbatia wote wawili kwa pamoja hadi kofia ya baba yake ikaanguka. Nilimchunguza kama amekonda, kama ana huzuni. Alikuwa amenenepa vizuri.

Kutoka hapo tulipanda basi kubwa kuelekea kusini. Tulipita milima, halafu mizeituni, halafu mashamba ya ngano yasiyo na mwisho, mengine bado ya kijani, mengine yanaanza kuiva. Kaka yangu alibandika uso kwenye kioo. "Hapa wanalima," alisema. Nikampiga Kemunto kiwiko. Kwa kaka yangu, hiyo ni sifa.

Matera, mji wa kina Donato, tuliingia jioni, jua likiwa bado juu ya nyumba. Donato alitupokea kituoni. Ni kijana mpana, mikono imejaa vumbi jeupe ambalo halitoki hata akioga, na alikuwa amejifunza maneno. "Shikamoo Baba. Shikamoo Shangazi. Karibuni nyumbani." Kaka yangu aliitikia, "Marahaba," akampa mkono, basi.

Tulitembea kwa miguu hadi ukingoni, na hapo nikasimama. Ng'ambo moja ni bonde refu la mawe lenye mto mdogo chini kabisa. Upande wetu, mlima wote umejaa nyumba, zimepandana, za rangi ya uji wa mtama, paa la huyu ni njia ya yule, ngazi zinapanda na kushuka bila mpango, na juu kabisa kanisa kuu. Ndege wadogo jamii ya mwewe walikuwa wanazunguka hewani makundi kwa makundi wakipiga kelele. Nilisikia machozi yananitoka na sijui kwa nini, labda kwa uzuri tu.

Kaka yangu hakuwatazama ndege. "Naona milango kwa mwamba," alisema. "Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Iko ndani ya mwamba, Baba," Kemunto akajibu. "Mbele wamejenga, lakini vyumba vya nyuma vimechimbwa. Watu wameishi humo tangu zamani sana."

"Shimoni?"

"Ni nyumba, Baba. Utaona."

"Nimekusomesha hadi ng'ambo ya bahari," kaka yangu alisema polepole, "ndiyo ukaishi shimoni?"

Donato aliuliza amesema nini. Kemunto akamwambia baba amechoka na safari.

Jioni ile mama yake Donato alitutandikia meza. Jina lake Nunzia, mjane wa miaka zaidi ya sabini, mfupi, ana aproni ya kijani na raba nyeupe kama za mwanariadha kwa sababu ya zile ngazi. Chumba kilikuwa cha baridi nzuri, dari ya mwamba imepindika kama tumbo la chungu, kuta zimepakwa chokaa. Alileta mkate mkubwa wenye ganda gumu, tambi ndogo kama masikio na mboga chungu iliyonikumbusha managu, pilipili tamu zilizokaushwa na kukaangwa hadi zikawa zinavunjika mdomoni, nyama ya kondoo, jibini. Kila alipoweka sahani alisema, "Mangia, mangia!" na hilo halikuhitaji mkalimani.

Kaka yangu aliweka mikono magotini. Aliomba maji.

Hapo nikaelewa. Baba yetu alitufundisha kwamba mzee akienda kwa watu wanaotaka binti yake, hali chakula chao mpaka neno liwe limetoka. Ukila, umekubali. Kaka yangu hakuwa na neno, kwa hiyo hakuwa na mdomo. Mimi je? Nilikuwa nimetumwa kama macho, na macho hayajakatazwa kula. Nilikula kwa niaba ya ukoo wote.

Siku iliyofuata Kemunto alinitembeza. Tulipanda na kushuka hadi magoti yakaanza kunong'ona. Tuliingia katika kanisa lililochongwa ndani ya jiwe, watakatifu wamechorwa ukutani, nyuso zimefifia lakini macho bado yanakutazama. Tulipita mahali wanapookea mkate, na mwenye nyumba akatuonyesha mihuri ya mbao ya zamani. Zamani, Kemunto alinifafanulia, kila mama alikanda unga wake nyumbani, akapiga muhuri wa familia, akaupeleka kwenye tanuri la wote ili mkate wa huyu usichanganyike na wa yule. Nilicheka. Nilikumbuka wanawake wa kwetu katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai wakifunga kitambaa cha rangi kwenye mpini wa kikapu cha chai.

Tuliporudi, kaka yangu alikuwa kwenye benchi la uwanjani anakula ndizi alizojinunulia, na biskuti za kutoka Kericho.

"Baba Kemunto, utaendelea hivi mpaka lini?" nikamuuliza.

"Mpaka nijue."

"Ujue nini? Kijana ana kazi. Ana heshima. Mama yake nimemwangalia. Kemunto akiingia jikoni, anamwachia mwiko."

"Nyaboke, wewe umesahau chumba tulichozaliwa. Mimi sijasahau." Akakunja ganda la ndizi ndani ya karatasi. "Niliapa hakuna mtoto wangu atalala tena chumba kimoja cha giza."

Jioni nilimkuta Nunzia jikoni anafuta macho kwa aproni. Kemunto alinitafsiria. Mara ya kwanza alidhani mgeni ni mgonjwa. Sasa aliamini mgeni anamwona mchafu, mwanamke wa pangoni. Kemunto alitoka moja kwa moja hadi uani kwa baba yake, na mimi nikamfuata.

"Baba, nitaolewa na Donato," alisema. Hakuinamisha uso. "Ukikataa, bado nitaolewa. Lakini nataka niolewe ukiwa hapo. Sitaki niangalie mahali pako kanisani nione kiti kitupu."

Kaka yangu alivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. Hatukulala vizuri, wote.

Siku ya tatu asubuhi, Nunzia alikuja akiwa amevaa raba zake na kushika funguo. Hakusema mangia. Alimshika kaka yangu mkono wa koti, kama anavyoshikwa mtoto wa kupelekwa zahanati, akaanza kumvuta kushuka ngazi. Kemunto, Donato na mimi tukafuata nyuma bila kujua tunakwenda wapi.

Chini kabisa, upande wa bonde, alifungua mlango wa mbao. Ndani kulikuwa na pango tupu, chumba kimoja kirefu kinachoishia gizani, unyevu ukutani, bila dirisha isipokuwa tundu juu ya mlango. Nunzia alisimama katikati akaanza kuonyesha kwa kidole, na Kemunto akatafsiri.

"Hapa kitanda cha baba na mama. Chini ya kitanda, kuku. Pale nyumbu wa kubeba mizigo, kwa sababu nyumbu alikuwa mali na joto lake lilitusaidia wakati wa baridi. Mtoto mchanga alining'inizwa kwenye kikapu juu ya kitanda. Sisi wengine tulilala kwenye droo za kabati. Nimezaliwa hapa. Nilipokuwa msichana mdogo serikali ilituhamisha wote, ikatupeleka kwenye nyumba mpya huko juu. Shuleni walituambia tunanuka nyumbu. Nilipoulizwa natoka wapi, nilikuwa nasema jina la mtaa mwingine. Nimelisema hivyo mpaka nikawa mwanamke mzima. Halafu huyu," akamwelekezea Donato kidole, "akakua, akasema anataka kurudi kutengeneza mapango. Sikumsemesha mwezi mzima. Kwa hiyo mwambie huyu baba, najua anachokiona. Mimi nilikiona kabla yake."

Kemunto alipomaliza, kaka yangu aliingia ndani zaidi. Aligusa ukuta. Alipima urefu wa chumba kwa hatua zake, akarudi.

"Mwambie," alisema, "sisi tulikuwa watoto saba. Kambini, kwa shamba la chai. Chumba kimoja, moto katikati, pazia la gunia. Mama alikuwa anachuna chai na mtoto mgongoni. Nilipopelekwa sekondari mjini Kericho, vijana waliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema baba yangu ana nyumba ya mawe Kisii."

Nilimtazama. Tumekua pamoja, tumezeeka pamoja, na sikuwahi kulisikia jambo hilo.

Kemunto alitafsiri. Nunzia alisikiliza, halafu akauliza swali moja. "Anauliza," Kemunto akasema, "moshi ulikuwa unatokea wapi."

"Haukutoka!" kaka yangu akasema. "Ulikaa na sisi!"

Nunzia alipiga paja kwa kicheko. Kaka yangu naye akacheka, kicheko kile cha tumbo ambacho sikuwa nimekisikia tangu tushuke ndege, na wakasimama pale wawili, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa mikono jinsi watu wengi wanavyojipanga kwenye kitanda kimoja: kichwa huku, miguu kule.

Mchana ule kaka yangu alimwambia Donato, "Sasa nionyeshe yako. Kila kitu." Donato akamwonyesha. Alimwonyesha nyumba aliyokuwa akiitengeneza kwa ajili yao, vyumba viwili vya mbele vyenye madirisha yanayotazama bonde, na cha nyuma cha mwamba. Kaka yangu aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaukwaruza kwa ukucha. "Hili jiwe ni laini. Kama la kwetu," alisema, akanituma nikalete lile bakuli la Tabaka. Donato alilipokea kwa mikono miwili, akalizungusha, akalipitisha shavuni, akauliza maswali mfululizo hata Kemunto akashindwa kufuata. Kisha kaka yangu akauliza swali la mtu wa boila: "Maji ya mvua yanakwenda wapi?" Macho ya Donato yakang'aa. Aliinua kifuniko sakafuni. Chini yake kulikuwa na kisima kikubwa cha kale kilichochongwa ndani ya mwamba, kinachokusanya maji ya paa zote za jirani. Wakashuka na tochi. Kemunto na mimi tulikaa juu tukisikia sauti zao zikivuma, mmoja anasema Kiswahili, mwingine Kiitaliano, na hakuna aliyeomba mkalimani.

Jua lilipoanza kushuka kaka yangu alitoka humo, koti la kanisani limejaa chokaa. Aliketi kwenye meza ya Nunzia, akavua kofia, akaiweka kando.

"Nyaboke," aliniambia, "mwambie huyo mama nina njaa."

Sikumwambia. Kemunto alikuwa ameshaelewa, na alipiga kigelegele cha Kikisii kilichopanda ngazi zote za mtaa ule. Madirisha yalifunguka. Nunzia alimtazama, akanitazama mimi, akamwona kaka yangu anamega mkate, na hapo akaketi kitini ghafla, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakitikisika. Halafu akainuka na kuanza kupakua kana kwamba anatafuta kufidia siku zote mbili kwa sahani moja. Majirani waliingia na divai, na jibini, na kinanda cha mkono. Kaka yangu alikula akaombwa aongezewe, akaongezewa, akalegeza mkanda. Aliposimama kubariki, alimshika Donato kichwani, akamshika Kemunto, akasema maneno ya baba yetu kwa Kikisii. Aliyaelewa Kemunto na mimi tu, lakini wote waliitikia amina.

Siku zilizobaki zilikuwa likizo yenyewe. Kila jioni mji mzima wa Matera hutoka nje kutembea, wazee, vijana, watoto kwenye vigari, wanakwenda na kurudi barabara ileile bila kununua chochote. Mimi niliuliza wanakwenda wapi. Hawaendi popote, wanaonana. Kaka yangu aliipenda desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Alivaa koti lililopigwa brashi, akampa Nunzia kiwiko, akasalimia watu asiowajua, "Buonasera, buonasera," kama diwani anayeomba kura.

Asubuhi moja nilimkuta Nunzia amemwaga majani yetu ya chai kidogo tu kwenye maji, akakamulia limau. Nilimwondoa jikoni kwa heshima. Nilichemsha maziwa, majani ya kutosha, tangawizi, sukari, mpaka ikafura mara mbili. Alionja, akaenda kumwita jirani. Kufikia saa nne kulikuwa na wanawake wanane wanakunywa chai ya Kericho juu ya paa la mtu, na mimi nafundisha neno "sufuria."

Siku ya kuagana Nunzia hakulia. Alisema atakuja kwetu mwezi wa Desemba kwa harusi ya nyumbani, na akaniuliza kama Kapsoit kuna ngazi nyingi.

Kericho ilitupokea kwa mvua ya alasiri, ile isiyochelewa. Bosibori alikuwa barazani. Hata mizigo haijashuka, aliniuliza, "Huyo mama?"

"Anamwachia mwiko," nikasema. Akaketi, akashusha pumzi, akaanza kuimba.

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi kwamba safari huongeza maarifa ya nchi za watu. Ni kweli. Lakini sikutegemea kwamba ningepelekwa mbali kiasi kile ndipo nimjue ndugu niliyelala naye kitanda kimoja. Nilijifunza pia kwamba umaskini wa mtu hauhitaji kutafsiriwa sana, na kwamba aibu aliyoibeba peke yake miaka hamsini inaweza kuwa nyepesi akikutana na mwenye yake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kaka yangu aliniambia mimi na Bosibori tuingie kwenye gari. Hakusema tunakwenda wapi. Tulipita chai, chai, chai, mpaka kambi ya zamani. Nyumba nyingi zimefungwa siku hizi, lakini mlango wetu ulikuwa wazi, na mama kijana alikuwa anaanika nguo mbele yake. Alitutazama kwa wasiwasi, wazee watatu wamevaa vizuri.

"Niwasaidie?" aliuliza.

Kaka yangu alivua kofia. "Mimi ni Nyakundi," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyumba za mwisho. "Kwetu ni hapa. Nilizaliwa kwa hiki chumba."

Mama yule alitabasamu, akajifuta mikono, akasogeza beseni kutoka mlangoni.

"Basi mbona unasimama nje?" akasema. "Ingia kwenu."